Bajeti ya harusi ni mkoba, si orodha ya matamanio

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Agosti na mwezi wa Desemba, jiji la Nairobi huingia katika pilkapilka za harusi. Siku ya Jumamosi magari yaliyofungwa utepe na maua husukumana na matatu katika barabara za Ngong na Lang'ata, na ifikapo alasiri bustani ya Arboretum huwa imejaa maharusi wanaongojea zamu ya kupigwa picha chini ya mti uleule. Walimu ni wengi miongoni mwao, kwa maana likizo ndiyo nafasi pekee wanayoipata ya kuoa na kuolewa bila ya kuomba ruhusa. Abiria anayeyatazama haya kupitia dirisha la matatu haoni yaliyotangulia: miezi mitatu au minne ya vikao vya kamati, daftari la ahadi, simu zisizojibiwa, na karatasi moja ambayo juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa neno BAJETI.

Karatasi hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumzie leo.

Neno bajeti tumelitwaa kutoka Kiingereza. Waingereza nao walilitwaa kutoka Kifaransa cha kale, ambamo lilikuwa na maana ya mkoba mdogo wa ngozi. Mtu alifungua mkoba wake, akahesabu kilichomo, kisha akajua anachoweza kukinunua. Fikra zilianzia kwa fedha zikaishia kwa bidhaa. Katika kamati zetu za harusi mwendo huo umepinduliwa. Katibu huanza kwa kuorodhesha: ukumbi, mahema, chakula, keki, mapambo, mavazi ya maharusi, mavazi ya wasimamizi, magari, mpiga picha, muziki, mfawidhi, pete, fungate. Kando ya kila kitu huandikwa bei iliyosikika kutoka kwa fulani aliyeoa mwaka uliopita. Hatimaye hujumlishwa, na jumla huwa, tuseme, Sh900,000. Hapo ndipo bwana harusi huulizwa kwa sauti ya chini ana kiasi gani mkononi. Akijibu kuwa ana Sh150,000, mwenyekiti hukohoa kidogo, kisha hutangaza kwamba upungufu ni Sh750,000, na kwamba fedha hizo "zitachangwa".

Zitachangwa na nani? Kitenzi kimewekwa katika hali ya kutendwa, na mtendaji wake hakutajwa. Katika sarufi hilo ni jambo la kawaida wala halina dosari. Katika uhasibu ni msiba, kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya harusi imekwisha kuwekwa mabegani mwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Si haki, hata hivyo, kudai kwamba gharama za harusi za jijini ni matunda ya majivuno peke yake. Wapo wahubiri na waandishi ambao kila msimu huwakemea vijana kwa kupenda makuu, kisha wakaishia hapo. Mwenye kutaka kuelewa mambo na alinganishe jiji na kijiji. Kijijini shangazi na mama wadogo hupika. Vijana hupasua kuni na kuteka maji. Masufuria makubwa huazimwa shuleni, mabenchi hutoka kanisani, ng'ombe ni wa zizini, ndizi ni za shambani, na uwanja wa sherehe ni ua wa baba. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilicho cha bure, kwani kila aliyetoa jasho lake atatazamia lirudishwe siku ya mwanawe itakapowadia. Lakini hakuna kilichopitia mfukoni mwa bwana harusi kikiwa katika sura ya noti. Hata Mombasa, katika mitaa ya Mji wa Kale, wapo ambao bado huinjika masufuria ya pilau kwenye vichochoro na majirani wakasaidiana kuyakoroga.

Mwalimu anayepanga chumba Kayole au Umoja hana ua. Hana zizi wala shamba la ndizi. Jirani yake wa mlango wa pili ni karani anayetoka alfajiri na kurudi usiku, na huenda hawajuani majina. Kwa hiyo ua hukodiwa, viti hukodiwa, moto hukodiwa, na mikono ya kukoroga chungu hukodiwa vilevile. Mjini kila mkono una bei yake. Hapa basi ndipo penye kiini cha tatizo letu: tumechukua idadi ya wageni wa kijijini tukaitia bei ya mjini. Mkusanyiko wa watu 400 ambao Vihiga au Murang'a ungelishwa kwa fahali mmoja, magunia machache na nguvu za ukoo, hapa Nairobi hugharimu fedha ambazo mwalimu hawezi kuziweka akiba kwa miaka kadhaa.

Tupige hesabu, nami naomba msomaji azichukue tarakimu zangu kuwa za mfano, kwani bei hutofautiana baina ya muuzaji na muuzaji. Tuchukulie kuwa sahani moja ya chakula kutoka kwa wapishi wa kukodiwa ni Sh1,000. Mgeni huyo atahitaji pia kiti, kivuli cha hema, soda, maji na kipande cha keki, na hivyo tumwongezee Sh300. Kila mgeni basi ni Sh1,300. Wageni 400 ni Sh520,000. Wageni 120 ni Sh156,000. Tofauti ni Sh364,000. Sasa tazama jinsi kamati zinavyotumia wakati wao. Nimepata kuketi katika vikao ambapo rangi ya utepe ilijadiliwa kwa saa nzima, na punguzo la Sh5,000 kwa mwenye maua likapigiwa makofi, ilhali idadi ya wageni ilipitishwa kwa dakika mbili na mtu aliyesema, "Tuandike 400, maana watu wetu ni wengi." Maua, gauni, pete na mpiga picha hazibadiliki bei iwapo wageni ni 100 au 400. Mgeni ndiye mama wa gharama. Ukimhesabu vibaya yeye, hakuna utepe utakaokuokoa.

Na tumezoea kumhesabu vibaya, kwa sababu ambazo nyingine ni za lugha. Kadi zetu huandikwa "Bw. na Bi. Fulani na familia". Maneno hayo mawili ya mwisho hayana mpaka. Familia yaweza kuwa watu wawili, na yaweza kuwa tisa pamoja na mpwa aliyekuja mjini kutafuta kazi. Tangazo linalosomwa kanisani Jumapili kwamba "nyote mnakaribishwa" ni mwaliko wa halali kwa ushirika mzima, na atakayekuja kwa mwaliko huo hana kosa lolote. Isitoshe, hatuna mazoea ya kujibu kadi. Mwalikwa hunyamaza, na kimya chake chaweza kuwa ndiyo au la. Bwana harusi mwenye busara huandika majina na idadi kwenye kadi, kisha siku kumi kabla ya harusi humpa binamu mmoja mwenye ulimi mtamu kazi ya kumpigia simu kila aliyealikwa. Simu hizo zitagharimu shilingi mia kadhaa na zitaokoa maelfu.

Kuna wageni wengine ambao bajeti nyingi huwasahau kabisa, nao ni wale wa basi. Jamaa wa nyumbani hukodiwa basi, wakaamka saa tisa za usiku, wakafika Nairobi asubuhi wakiwa na njaa na vumbi. Hao hawawezi kungojea pilau ya saa nane za mchana. Watahitaji chai na mandazi wafikapo, mahali pa kunawa uso na kubadilisha nguo, na kitu cha kutia kinywani kabla ya kurudi usiku. Wengine ni wazee, na hawatarudi siku hiyohiyo. Katika bajeti nyingi utaona mstari mmoja tu, "basi", basi. Chai yao hununuliwa asubuhi ya harusi kwa fedha zilizotengewa kitu kingine, na hapo ndipo mpiga ngoma anapoambiwa asubiri malipo hadi Jumatatu.

Wapo wanaouliza kama ni nafuu kujinunulia vyakula badala ya kukodi wapishi. Mboga zipo soko la Wakulima, nafaka zipo Nyamakima, nyama ipo soko la Burma, maua yapo City Market pale Muindi Mbingu Street, na bei za jumla huko ni za chini kuliko za madukani. Jibu langu ni kuwa inafaa ikiwa wageni hawazidi mia moja na ikiwa mnao jamaa wawili watatu waliozoea kupikia umati. Zaidi ya hapo utakodi masufuria, gesi na gari, na utahitaji mtu mwaminifu wa kuilinda nyama usiku kucha. Nyama isiyolindwa hupungua.

Turudi sasa kwa kile kitenzi kisicho na mtendaji. Sina ugomvi na desturi ya kuchanga. Neno harambee lilipofanywa wito wa taifa wakati wa uhuru mwaka 1963, halikuanzisha jambo jipya, kwani jamii zetu zilikuwa zimechangiana tangu kale kwa nguvu, kwa mifugo na kwa mavuno. Mchango ni mkopo wa kijamii. Humtolea mwenzako leo, naye hukutolea kesho, na katika mzunguko huo kila mmoja hupata kwa mkupuo fedha ambazo asingeziweka akiba peke yake. Ugumu wa jiji ni kwamba mzunguko umepanuka ukapoteza mipaka. Zamani karatasi ya mchango ilizungushwa ofisini au katika chumba cha walimu, na wote walioitia sahihi walijuana. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, kisingizio cha umbali kimekufa. Siku hizi mtu huamka akajikuta ameingizwa katika kikundi cha WhatsApp cha harusi ya bibi ambaye alikutana naye mara moja katika semina. Kila jioni orodha hutumwa upya, majina na tarakimu, na mbele ya jina lake pana sifuri. Mwalimu mmoja aweza kuwa katika vikundi vitatu vya namna hiyo katika Agosti moja, mbali na msiba wa jirani na bili ya hospitali ya mwenzake wa kazini. Katika kamusi zetu neno mchango lina maana nyingine pia, ile ya mnyoo wa tumbo. Ni sadfa tu ya sauti, lakini nimewasikia wachangaji wakiitania.

Mtu aliyebanwa hivyo hufanya nini? Huahidi. Kuahidi hakugharimu kitu siku ile ya kuahidi, na hulinda heshima ya pande zote mbili. Mweka hazina huandika Sh5,000 mbele ya jina lake, na kamati hulihesabu andiko hilo kuwa fedha. Wahenga walisema ahadi ni deni, na katika adili walisema kweli. Lakini mwenye mahema hapokei ahadi, wala mchinjaji hapokei. Yeyote aliyepata kuwa mweka hazina anajua kwamba safu ya "zilizoahidiwa" na safu ya "zilizopokewa" hazilingani hata siku ya harusi yenyewe, na kwamba wasiolipa si walaghai. Ni watu waliokadiria vibaya mifuko yao, kama vile bwana harusi alivyoukadiria vibaya wake.

Aidha, majira yana nguvu kuliko nia njema. Harusi ya Desemba huwadai watu wale ambao Januari watalipa karo, watanunua sare na vitabu. Mzazi mwenye watoto wawili katika shule ya upili atakuahidi mwezi wa Oktoba kwa moyo mkunjufu, na kufikia katikati ya Desemba atakuwa ameisoma barua ya mwalimu mkuu. Desemba na Agosti ndiyo miezi ambamo kumbi, mahema na wapiga picha hutafutwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na bei zake hazina huruma. Sisi walimu tumefungwa na kalenda ya shule, lakini hatujafungwa na siku ya Jumamosi. Ijumaa au Jumatano ya wiki ya pili ya likizo ni siku kama nyingine, na mwenye ukumbi uliolala wazi siku hiyo huwa mwepesi wa kupunguza bei. Aulizwe.

Kanuni ninayoipendekeza ni ngumu kuitamka mbele ya kamati, ila ni rahisi kuitekeleza. Ahadi isihesabiwe hata shilingi moja mpaka ifike. Itangazwe tangu kikao cha kwanza kwamba hesabu itafungwa wiki tatu kabla ya harusi. Siku hiyo mkoba ufunguliwe, kilichomo kihesabiwe, na orodha ikatwe ili ilingane nacho. Kitakachokuja baadaye kiwe cha kuanzishia maisha. Arbuni, yaani malipo ya awali ya kuweka ukumbi au mahema, zitolewe kwa fedha zilizopo tu, kwa sababu aghalabu arbuni hairudishwi. Kiswahili kinacho pia kitenzi kurubuni, kwa maana ya kumvuta mtu kwa hila. Kufanana kwa maneno hayo mawili kwafaa kumkumbusha mtu anayetia sahihi karatasi ya ukumbi wa Karen akiwa na theluthi tu ya bei.

Upungufu unapodhihirika katika wiki ya mwisho, mlango mmoja hubaki wazi, nao ni mkopo. Walimu tuna vyama vyetu vya akiba na mikopo, na ni vyema kuwa tunavyo. Lakini tuutazame mkopo wa Sh400,000 unaotozwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na kulipwa kwa miezi 48. Kila mwezi mshahara utakatwa takriban Sh10,530. Kufikia mwisho zitakuwa zimelipwa takriban Sh505,600, riba ikiwa zaidi ya Sh105,000. (Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano ambao wanafunzi wa kidato cha tatu hawatausinzia, huu hapa.) Makato hayo yakaribia kodi ya nyumba ya kawaida katika mitaa kadhaa ya Eastlands. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato ya jumla yapite theluthi mbili ya mshahara, na mwalimu mchanga aliyekwisha kuufikia mpaka huo kwa ajili ya mahema na keki hatakuwa na pa kukopa mtoto atakapozaliwa kabla ya miezi yake, au mwenye nyumba atakapoitisha kodi ya miezi miwili pamoja. Sherehe huanza saa nne za asubuhi ikamalizika saa kumi na mbili za jioni. Deni lake humkuta mtoto wa kwanza akiingia shule ya chekechea.

Lugha yetu, kwa bahati nzuri, imelitenga jambo hili katika maneno mawili. Harusi ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo hutaja tukio. Ndoa limetokana na kitenzi chetu cha Kibantu, kuoa, nalo hutaja hali. Tukio lina tarehe na saa, na watu wake huitwa bwana harusi na bibi harusi kwa siku moja tu. Jumapili asubuhi majina hayo huwa yamekwisha muda, wakabaki mume na mke. Bajeti hupangwa kwa ajili ya bwana na bibi harusi, na hulipwa na mume na mke. Fungate nayo, ambayo siku hizi huandikwa katika orodha kama safari ya wiki mbili ufuoni, ni neno linalotokana na hesabu ya saba katika lugha za Kibantu. Zilikuwa siku saba, na maharusi walizikalia ndani ya nyumba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeyaweka wazi mambo ambayo yangewapunguzia wengi gharama laiti yangesomwa. Inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na ndoa ya kimila iliyosajiliwa ina hadhi sawa na ile iliyofungwa mbele ya kasisi. Pale ambapo mila inataka mahari ili ndoa ithibitike, sheria hiyo inasema kuwa kiasi kidogo cha ishara chatosha kuwa ushahidi. Hata hivyo vijana wetu wengi hufanya sherehe mbili zilizo kamili. Kwanza kuna ile ya mila, iwe ni ruracio Murang'a au ayie Siaya, yenye mahema yake, wapishi wake, sare zake za vitenge na msafara wake wa magari. Miezi miwili baadaye ipo ya kanisani, na vyote hukodiwa upya. Ya kwanza haiingizwi katika bajeti ya kamati kwa kuwa ni aibu kuyataja mahari katika kikao cha marafiki. Kwa hiyo akiba ya bwana harusi huliwa huko, na anapoulizwa ana kiasi gani mkononi, husema kiasi alichokuwa nacho zamani. Bajeti ya kweli haina budi kuziweka sherehe zote mbili katika karatasi moja, hata kama karatasi hiyo itasomwa na watu wawili tu. Na ikiwa ile ya mila imefanywa kwa ukamilifu, na koo zote mbili zimekula na kunywa, ile ya kanisani yaweza kumalizikia kwenye chai na keki katika ukumbi wa parokia. Mwaka 2020, janga la korona lilipoifanya serikali ipunguze mikusanyiko, wapo waliofunga ndoa mbele ya watu wachache mno, na ndoa zao ni ndoa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Harusi si ya vijana peke yao. Wazazi wamekula harusi za wenzao kwa miaka thelathini, wametoa mbuzi na kuku na noti, na leo ni zamu yao kurudishiwa na kuonekana. Kumwambia mzee kama huyo kwamba atapewa kadi kumi ni kumvunjia deni lake la haki. Nalikubali pingamizi hili kwa uzito wake wote, wala sidhani kwamba lajibiwa kwa kuwadharau wazee. Lajibiwa kwa mazungumzo ya mapema, yafanywe na anayestahili kuyafanya. Kijana hamwambii baba yake apunguze wageni. Humtuma mjomba, au mshenga yuleyule aliyepeleka posa, na mjumbe huyo huzifikisha tarakimu kwa adabu: zipo sahani hizi, na mzee akitaka basi la pili, basi hilo na sahani zake ziwe mchango wake. Wazee wengi hulielewa jambo hili upesi kuliko wanakamati, kwa kuwa wao walizoea kuhesabu ng'ombe waliopo zizini.

Basi tuufungue mkoba mmoja wa mfano. Mwalimu na mchumba wake muuguzi wameweka akiba ya Sh220,000, baada ya kuyatoa ya mila. Wazazi wa pande zote mbili wametoa Sh80,000. Michango iliyofika mkononi, siyo iliyoahidiwa, ni Sh100,000. Jumla ni Sh400,000. Kwanza watenge Sh40,000 kwa yasiyotazamiwa: mvua, gari lililoharibika Limuru, chai ya wageni wa basi. Zinabaki Sh360,000. Mavazi na pete Sh90,000, na hapa gauni la kukodi si aibu, maana halitavaliwa tena. Mpiga picha Sh40,000. Magari Sh30,000. Mapambo, keki na muziki Sh50,000. Ukumbi wa kanisa Sh20,000. Hizo ni Sh230,000, na ni zilezile wageni wawe wangapi. Zilizobaki ni Sh130,000. Zigawe kwa Sh1,300, utapata wageni 100.

Idadi hiyo imekuja mwisho, kama jibu la hesabu. Katika kamati nyingi huja mwanzo, kama amri. Mia moja yaweza kugawanywa 40 kwa upande wa bibi, 40 kwa upande wa bwana, na 20 kwa marafiki na wenzao wa kazini. Wakiona 100 ni wachache mno, wana njia mbili zilizo wazi: wapunguze mavazi na mapambo ili waongeze sahani, au waisogeze harusi hadi likizo ifuatayo mkoba uzidi kujaa. Njia ya tatu, ile ya kuandika 400 na kutumaini, imeshajulikana inakoishia.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao hawajaoa lakini hualikwa katika kamati kwa sababu wana nguvu na muda, nina ombi moja. Mara nyingi ninyi ndio hupewa ukatibu. Mtakapoandika karatasi hiyo, chorea safu ya kwanza kushoto iwe ya fedha zilizopo, na safu ya vitu iifuate. Mwenyekiti atauliza kwa nini mmeigeuza. Mwonyesheni.

Na kazi ya kamati haimaliziki Jumamosi jioni. Kamati nyingi hutawanyika pamoja na wageni, zikamwachia mweka hazina stakabadhi mfukoni na simu za wanaodai. Pafanywe kikao kimoja cha mwisho, katika wiki mbili baada ya harusi, maharusi wakiwapo. Hesabu isomwe: kilichopokewa, kilichotumika, anayedai na kiasi anachodai. Kisha daftari la michango likabidhiwe mume na mke, likiwa na jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa, kuanzia aliyeleta Sh20,000 hadi mama wa mbogamboga aliyeleta Sh200 zilizokunjwa mara nne. Mwaka ujao mwanawe mmoja wa watu hao ataoa, na watalihitaji daftari hilo ili wajue wanadaiwa nini.